Waya wa tatu

Plagi iko mezani, mfuniko umefunguliwa, na ile skrubu yake ndefu imewekwa kwenye kisosi isije ikapotea. Waya unaoingia humo si wa mchezo. Ni kori tatu, yaani nyaya tatu ndani ya ganda moja, unene wa milimita za mraba 2.5, umevishwa soksi nyeusi ya nailoni, na mwishoni umebanwa kwa mpira wa kusinyaa uliokatwa sawasawa kama kwa rula. Laivu, waya unaoleta umeme, imeingia upande wa fyuzi; nyutro, waya wa kuurudisha, imekaa kushoto; skrubu zimekazwa. Mkono uliofunga plagi hii unaijua kazi.

Halafu unatazama juu, kwenye mguu mrefu wa ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini.

Hapana kitu.

Waya wa kijani na njano upo. Umekatwa kwa mkasi kabla haujafika, ukafungwa kwa utepe mweusi, ukakunjwa pembeni.

Mwenye amplifaya anasema kwamba alipotoa waya wa kiwandani na kuweka huu, sauti ilisafika. Ule mvumo wa chinichini uliokuwa ukisikika usiku, wimbo mmoja ukiisha na mwingine haujaanza, uliondoka palepale. Hapo ndipo panapokera. Jambo hili limekaa kichwani kwa wiki kadhaa kwa sababu jibu jepesi, kwamba jamaa anajidanganya, si la kweli. Hajidanganyi hata kidogo. Sauti ilisafika.

## Mita mbili za mwisho

Wapo wengi wanaosema waya mnene wa umeme husafisha sauti. Tuanze na hesabu, maana kwenye nyaya za umeme za vyombo vya muziki maneno ni mengi kuliko namba.

Fleksi, waya laini wa kukunjika, ya shaba ya 1.5 ina ukinzani wa omu 13.3 kwa kilomita. Ile nyembamba ya 0.75, ambayo huja na vyombo vingi kutoka kiwandani, ina omu 26. Chukua urefu wa mita 2. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 4: omu 0.053 kwa ule wa 1.5, na omu 0.104 kwa ule wa 0.75. Amplifaya ya sebuleni ikivuta ampea 2, waya mnene unapoteza volti 0.1 na mwembamba volti 0.2. Kati ya 230. Jirani akiwasha pasi, umeme wako unashuka zaidi ya hapo na wala husikii kitu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo inastahili heshima. Amplifaya haivuti umeme taratibu kama pasi. Ndani yake kuna transfoma, daiodi na kapasita kubwa, na kapasita hujazwa kwa mapigo mafupi pale wimbi la umeme linapofika kileleni, kwenye volti 325 hivi. Mapigo hayo yanaweza kuwa makubwa mara kadhaa kuliko wastani. Sawa, weka pigo la ampea 10. Waya wa 1.5 utapoteza volti 0.5 kwa 325, na wa 0.75 utapoteza 1. Bado ni kidogo. Na kabla ya mita zako mbili kuna nyaya za ndani ya ukuta, kuna breka, kuna mita, kuna waya wa kutoka nguzoni. Hizo hujazibadilisha.

Mishale ile inayochorwa juu ya nyaya za bei mbaya, eti kuonyesha umeme uelekee wapi, ni ya kuchekea tu. Umeme wa hezi 50 hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde.

Basi kwa nini mtu ajitengenezee waya?

Kwa sababu za kawaida kabisa. Amplifaya nzuri zinazotufikia nyingi ni za mtumba kutoka Ulaya, zina plagi ya miguu miwili ya mviringo. Dawa ya mtaani tunaijua: sukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi, vile vifuniko vya ndani vifunguke, halafu lazimisha miguu miwili iingie. Muziki utalia. Lakini plagi hiyo haigusi ethi, haina fyuzi, na miguu yake haibanwi vizuri. Kati ya sebule na moto kinabaki kibreka cha ukutani, ambacho huenda ni cha ampea 20 au 32, wakati waya unaokwenda kwenye amplifaya umekusudiwa ampea 6.

Sababu nyingine ni urefu, na nyingine ni shaba. Hii ya shaba ndiyo itakayokupotezea muda dukani.

## Shaba na rangi ya shaba

Kwa amplifaya yoyote ya sebuleni, fleksi ya kori tatu ya 1.5 inatosha na kubaki. Inabeba ampea 16, plagi yenyewe ni ya 13. Tafuta maandishi kwenye ganda: H05VV-F 3G1.5. Ile G inamaanisha mojawapo ya kori ni ya kijani na njano. Ukiona 3X1.5, kori ni tatu lakini hakuna ya ethi.

Waya wa 2.5 unavutia macho, na unaleta taabu. Ganda lake la nje linafikia milimita 10 au zaidi, kibano cha plagi ya kawaida hakilishiki vizuri. Nyuzi zake ni 50 hivi, kila moja milimita 0.25, na tundu la plagi halizimezi zote. Basi watu hukata baadhi kwa mkasi ili ziingie. Ukikata 20 umenunua 2.5 na kuigeuza 1.5 mahali palepale penye joto kuliko pote.

Na ule waya mgumu wa ndani ya ukuta, kori moja moja, ambao wengine huusuka kama nywele kwa sababu unapendeza? Usiutumie. Haukuumbwa kukunjwakunjwa. Ukisogeza amplifaya mara chache kufuta vumbi, unachoka pale unapoingia kwenye skrubu, kisha unakatika ndani ya ganda bila kuonekana.

Sasa shaba. Kariakoo ya Dar es Salaam kama ilivyo Luthuli Avenue ya Nairobi utaoneshwa nyaya zinazofanana kama mapacha, na baadhi ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa karibu asilimia 60 ya shaba, inavunjika kwa wepesi zaidi, na chini ya skrubu hulegea. Chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukitokeza weupe chini ya wekundu, rudisha. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume: nyeupe nje, nyekundu ndani, na hiyo ni nzuri tu. Uzi huohuo ukiuweka kwenye moto wa kiberiti cha gesi, shaba itawaka nyekundu na kubaki na umbo lake. Alumini italegea na kudondoka, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 wakati shaba inangoja mpaka 1,085.

Kisha hesabu. Kori ya 1.5 ya fleksi kwa kawaida ina nyuzi 30 za milimita 0.25. Ukikuta 20, hata kama ni shaba safi, umeuziwa 1.0 kwa bei ya 1.5. Wizi wa aina hii nao upo.

Kipo kipimo kimoja kizuri kuliko vyote hivyo, nacho hakihitaji kifaa cha ghali. Chukua betri ya gari ya volti 12 na taa ya mbele ya wati 55. Unganisha taa kwenye betri kupitia kori moja ya waya wako, mita 2. Taa inavuta ampea 4.5 hivi. Weka maltimita kwenye milivolti, gusa mwanzo na mwisho wa kori hiyo. Shaba ya kweli ya 1.5 itakupa karibu milivolti 120. Ukisoma 180 au 200, unajua. Na maltimita ya kawaida ukiiweka kwenye omu haiwezi kukuambia hivi, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko unachokipima.

## Kufunga

Plagi kwanza. Weka waya juu ya plagi iliyofunguliwa, utazame ganda la nje litaishia wapi: lazima lipite kibano na kuingia ndani milimita chache. Kibano kinashika ganda, hakishiki kori. Kwenye plagi nyingi utamenya ganda la nje kati ya sentimita 4 na 5. Zungusha kisu kwa wepesi bila kukata mpaka ndani, kisha kunja waya, ganda litapasuka lenyewe kwenye ule mstari. Kagua kori zote tatu. Ukiona mkwaruzo unaofika kwenye shaba, kata, anza upya.

Kata kori kwa urefu tofauti. Laivu iwe fupi kuliko zote, ethi iwe ndefu kuliko zote, na iwe na mkunjo kidogo wa ziada. Siku mtoto atakapojikwaa kwenye waya na kibano kikashindwa, laivu ing'oke kwanza na ethi iwe ya mwisho.

Menya ncha milimita 6 hadi 8. Sokota nyuzi kwa vidole kufuata msokoto wake. Tundu likiwa kubwa, kunja ncha mara mbili. Kama una feruli, vile vikofia vidogo vya shaba, na koleo lake la kubania, tumia, cha 1.5 mara nyingi huja na kola nyeusi.

Usipake risasi.

Hili linarudiwa na mafundi wazuri kabisa, wa redio hasa, kwa sababu mkono wao umezoea lehemu. Ncha iliyopakwa risasi inang'aa, ni ngumu, inaingia tunduni bila uzi hata mmoja kutoroka. Lakini risasi ni laini, na ikikandamizwa na skrubu inatiririka polepole, miezi kwa miezi. Skrubu uliyoikaza Januari, Juni inacheza. Kiungio kilicholegea kinaweza kufikia nusu omu. Kwa ampea 5 hiyo ni wati 12.5 za joto mahali padogo kama punje ya mchele, sawa na kifimbo kidogo cha kulehemu kilichofichwa ndani ya plastiki. Plagi nyingi zilizoungua upande mmoja zina kisa hiki.

Ukitazama plagi iliyofunguliwa, waya ukiingia kutoka chini na ethi ikiwa juu, kahawia inakwenda kulia kwenye fyuzi, bluu kushoto, kijani na njano juu. Kaza. Vuta kila kori kwa vidole, kwa nguvu. Isije.

Upande wa pili ni kichwa cha C13, kile cha waya tunaouita wa kompyuta. Nunua cha kufungua kwa skrubu. Kosa la hapa ni moja, na kila mtu hulifanya angalau mara moja: unafunga kori zote tatu vizuri, unakaza, halafu unaona mfuniko wa nyuma uko mezani, haujapitishwa kwenye waya. Soksi, mpira wa kusinyaa, mfuniko, vyote vitangulie. Ndani ya C13 usikisie pande. Soma herufi L na N zilizochongwa kando ya skrubu.

Kama amplifaya yako ina soketi ndogo ya umbo la nane na mchoro wa mraba ndani ya mraba, hiyo haihitaji ethi kabisa. Usiifanyie ubunifu.

## Mweusi wa Marekani

Kuna mtego wa rangi. Waya wa Ulaya ni rahisi: kahawia, bluu, kijani na njano. Nyaya za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimejaa kwenye kuta za nyumba zetu, ni nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi. Waya uliokuja na chombo cha Marekani ni mweusi kwa laivu, mweupe kwa nyutro, kijani kwa ethi.

Weusi wa huku ni nyutro. Weusi wa kule ni laivu. Fundi aliyekulia kwenye nyekundu na nyeusi anaona nyeusi, mkono unakwenda wenyewe kushoto. Amplifaya italia kama kawaida, ila swichi yake na fyuzi yake ya ndani zitakuwa zinakata nyutro, na ndani yake umeme utakuwepo hata ikiwa imezimwa.

Na chombo cha Marekani ni cha volti 120, cha Japani 100. Geuza nyuma usome kabla ya kushika bisibisi.

## Fyuzi ya plagi

Fyuzi ya plagi inalinda waya. Amplifaya ina fyuzi yake yenyewe nyuma au ndani. Kwa ampea 3 unapata wati 690, na amplifaya nyingi za nyumbani hazifiki nusu ya hapo. Tatizo ni zile zenye transfoma kubwa ya umbo la mduara: zikiwashwa, kwa sehemu ndogo ya sekunde zinavuta umeme mwingi sana, na fyuzi ya 3 inaweza kukatika siku ya tatu. Panda hadi 5. Ya 13 weka tu kama waya ni wa 1.25 kwenda juu. Fyuzi halisi ya plagi ni ya kauri, urefu wa milimita 25, ndani ina mchanga wa kuzima cheche. Iliyo nyepesi isiyo na mchanga, na ile iliyozungushiwa karatasi ya sigara, ni ndugu.

## Kabla ya kuchomeka

Maltimita kwenye mlio. Mguu wa ethi na tundu la ethi la C13: ilie. L kwa L, ilie. Chomoa fyuzi, inyamaze. Ukichomoa fyuzi na bado inalia, laivu inaikwepa fyuzi mahali. N kwa N, ilie. Kisha kila mmoja na mwenzake, mara tatu: kimya. Wakati huo mtu mwingine aukunjekunje waya karibu na vichwa vyote viwili. Mlio ukikwama hata kidogo, fungua.

Rudia ethi kwa ile taa ya gari. Mlio wa maltimita unaridhika na uzi mmoja uliobaki kati ya 30. Taa ya wati 55 hairidhiki.

Washa, acha saa nzima, gusa plagi. Isiwe na joto. Baada ya wiki chache fungua mara moja tu ukaze tena skrubu, maana nyuzi hujipanga.

## Kwa nini ilisafika

Turudi kwenye utepe mweusi.

Amplifaya ina ethi. Kompyuta inayocheza muziki ina ethi. Kati yao kuna waya wa RCA, ule wa vichwa vyekundu na vyeupe, na ganda la nje la RCA limeungwa na bodi ya chombo, yaani kasha lake la chuma, pande zote mbili. Kwa hiyo bodi hizi mbili zimeshikana kwa njia mbili: kupitia ethi ya ukutani, na kupitia ganda la RCA. Umeshapata duara.

Ndani ya duara hilo kunapita umeme mdogo usiokwisha. Mwingine unavuja kupitia kapasita za kuchuja zilizo kwenye pawasaplai ya kompyuta, mwingine unazaliwa na usumaku wa transfoma na nyaya zilizo jirani. Tuseme ni milimpea 10. Ganda la RCA lina ukinzani wa omu 0.1. Zidisha: milivolti 1. Muziki unaopita humo ni kama volti 1. Mvumo basi uko desibeli 60 chini ya muziki, na usiku sebule ikitulia, desibeli 60 zinasikika vizuri tu.

Waya mnene hauuondoi. Soksi ya nailoni haiuondoi. Ila kata ethi ya amplifaya, duara limekatika, milimpea zimekosa pa kuzungukia.

Kimya.

Hapa ndipo shaka ilipogeuka. Miongoni mwa yote ambayo mtu anaweza kuufanyia waya wa umeme wa amplifaya, kukata ethi ni mojawapo ya machache yanayosikika wazi sikioni. Anayefunga waya mpya mnene na kukata ethi siku hiyohiyo atasikia mabadiliko ya kweli, na atayapa sifa shaba. Atawaambia wenzake waya umesafisha sauti. Wenzake watakuja kusikiliza na watasikia kweli. Ni mangapi yanayosemwa kuhusu nyaya hizi yalianza hivi, na utepe mweusi hakuna aliyeuona?

Na kwa nini hapigwi na umeme? Kwa sababu bado ana ethi. Amplifaya yake imeshikwa na ethi ya kompyuta kupitia ganda la RCA, lenye nyuzi nyembamba kuliko uzi wa kushonea shuka. Mambo yanakwenda hivyo miaka. Siku anachomoa RCA ili ajaribu kitu kingine, bodi ya amplifaya haina wa kuishika tena. Ikiwa siku hiyo insulesheni ya transfoma imechoka, au waya wa swichi umechomoka ndani, bodi nzima ya chuma ni volti 230, pamoja na vichwa vyote vya RCA nyuma yake.

Hata bila hitilafu kuna kero. Chombo chenye kapasita za kuchuja kikikosa ethi, bodi yake inapanda hadi nusu ya umeme wa ukutani, volti 115 hivi, kwa nguvu ndogo. Ukiipitisha mgongo wa kidole unahisi mwasho kama wa upupu, na testa inawaka. Kichwa cha RCA kina pini ya katikati inayogusa kabla ya ganda, kwa hiyo ukichomeka vyombo vikiwa vimewashwa, ule mwasho wote unapita kwanza kwenye njia ya muziki. Kuna amplifaya zimeua sehemu ya kuingizia sauti namna hiyo.

## Kuutafuta mvumo

Chomoa nyaya zote za sauti, acha spika na umeme tu. Mvumo ukibaki, tatizo ni la amplifaya yenyewe, mara nyingi kapasita kuukuu. Ukiondoka, rudisha mmojammoja mpaka urudi. Sasa unamjua mwenye kosa.

Ikiwa ni kompyuta mpakato, chomoa chaja, ipige kwa betri. Mvumo ukikatika, umemaliza uchunguzi kwa sekunde tano.

Ikiwa ni televisheni au king'amuzi, chomoa waya wa antena au wa dishi. Dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma juu ya paa huenda lina ethi yake yenyewe, mbali na ya nyumba, na kati ya ardhi mbili daima pana ugomvi.

Vyombo vyote vya muziki viwe kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Duara linapungua, mvumo nao. Ila ipime hiyo ekstensheni: za bei poa nyingi zina matundu matatu na ndani waya wa kori mbili. Utakuta umekata ethi ya vyombo vyote bila kushika mkasi.

Tenga nyaya za umeme na za sauti kwa sentimita 30, na zikilazimika kupishana zipishane kwa msalaba. Santuri hasa: sindano yake hutoa milivolti 3 hadi 5 tu.

Ukishindwa kote huko, nunua transfoma ya kutenganisha ya RCA, kikasha kidogo chenye uwiano wa 1:1 kinachowekwa kwenye njia ya sauti. Duara linakatwa kwenye waya wa muziki, ethi zote zinabaki. Vya bei ya chini hupunguza besi kidogo, na mwenye sabufa atalalamika. Hiyo ndiyo gharama yake.

## Ardhi yenyewe

Kuna jambo ambalo mwenye mkasi anaweza kulisema, na ana haki. Ethi ya nyumba nyingi ni fimbo iliyopigiliwa nje ya dirisha la jikoni, na kiangazi udongo ukikauka hujui inashika nini. Tuseme ni omu 20. Laivu ikigusa bodi, 230 gawa kwa 20 ni ampea 11.5. Fyuzi ya 13 itaubeba umeme huo mchana kutwa bila kukatika, na bodi itabaki hai.

Kwa fimbo kama hiyo, waya wa tatu peke yake hautoshi. Unahitaji RCD ya milimpea 30 kwenye ubao wa umeme, swichi inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe kilichoandikwa T. Hata fimbo ikiwa ya omu 100, zitapita ampea 2.3 ardhini na RCD itakata papo hapo, kabla mtu hajagusa. Ukiwa na RCD na ethi umeikata, itakata pia, lakini itamngoja mtu aguse kwanza. Yeye ndiye atakuwa waya wa tatu.

Bonyeza hiyo T leo. Isipokata, au isipokuwepo, pesa ya kununua waya wa pili wa kifahari imeshapata pa kwenda.

## Mezani tena

Ethi iliyokatwa haifiki. Imepungua sentimita mbili, na kuiunga kwa kipande ndani ya plagi si kazi. Kwa hiyo kata waya wote, mbele ya pale mpira wa kusinyaa ulipoanzia, mkato mmoja, soksi na vyote. Menya upya sentimita 5. Kori zikae kwa urefu wake, kijani na njano ikiwa ndefu kuliko wenzake. Nyuzi zote 50 za 2.5 hazitaingia tundu la plagi hii bila kupunguzwa, na za kukata hakuna, basi waya huu uende kwenye kichwa kinachoumeza, na hapa ije fleksi ya 1.5.

Chaja ya kompyuta iko pale kwenye kona. Chomoa hiyo kwanza, kisha washa amplifaya usikilize.